Korongo Taji na Dodo

Msomaji, mtu akitaka kueleza hatari ya mnyama yeyote husema kwamba atafuata njia ya dodo. Siku hizi maneno hayo husemwa juu ya korongo taji, ndege mrefu mwenye kishungi cha rangi ya dhahabu, aliyewekwa katika bendera ya Uganda mwaka 1962. Mimi naona ulinganifu huo una kasoro, na kasoro yenyewe yafaa kuchunguzwa.

Dodo alikuwa jamaa ya njiwa, mzito, asiyeweza kuruka, na makao yake yalikuwa kisiwa kimoja tu duniani, Morisi. Mabaharia wa Kiholanzi walitua huko mwaka 1598. Nguruwe na panya walioshuka merikebuni wakala mayai yaliyotagwa chini, na karne haikutimia kabla ndege huyo hajatoweka. Angekimbilia wapi?

Korongo taji ana mbawa, na nchi zake zaenea toka Uganda na Kenya mpaka Afrika Kusini. Mbona basi mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile ulimtia katika orodha ya viumbe walio hatarini? Tazama mabonde ya pande za Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira. Watu ni wengi, mashamba ni finyu. Kinamasi huchimbiwa mitaro, maji yakaondoka, pakapandwa mboga. Penginepo udongo wake hufyatuliwa matofali. Na mikalitusi, miti inywayo maji mengi, husimama hata kando ya chemchemi. Mwaka 2009 serikali iliagiza ing'olewe katika sehemu hizo. Lakini mti huo ni karo ya shule na boriti ya nyumba, wala simlaumu mwenye shamba anayesita kushika shoka.

Korongo hutaga mayai mawili mpaka manne juu ya rundo la nyasi, katikati ya maji. Maji yakikauka, mbwa hufika kiotani kwa miguu. Mbawa zamwokoa mzazi, yai haliruki. Tena ndege huyu huishi miaka mingi, hata waweza kuona jozi ile ile ikitembea shambani kila msimu, ukadhani mambo ni salama, kumbe haijalea kifaranga hata mmoja. Ukikutana nao tena, usiishie kutazama vile vishungi. Angalia nyuma yao kama yuko kinda wa rangi ya kahawia.