Alikamatwa na Nani?

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Midia tunaikumbuka tarehe 13 Agosti 2018. Siku hiyo mjini Arua, katika kampeni za uchaguzi mdogo wa Bunge, Herbert Zziwa, mwandishi wa habari wa televisheni ya NTV, na mpiga picha wake Ronald Muwanga walikamatwa na askari wakitangaza moja kwa moja. Juma lililofuata, mjini Kampala, wanajeshi walimpiga James Akena, mpiga picha wa Reuters, naye amepiga magoti, mikono juu.

Darasani tulikuwa tukifundisha kauli ya kutendwa. Mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni, “Mwandishi alikamatwa,” akatia nukta. Tukamwuliza: na nani? Akautazama mlango kwanza. Hatukumhimiza, nasi tulikwisha kuutazama.