Tulibeba Mawe, Hatukujenga Nguvu

Usiku wa nane wa Ramadhani ya mwaka juzi, katika safu ya wanawake, Mayu alishuka kwenye sijda na hakuinuka. Imamu alileta takbira, safu nzima ikasimama, yeye akabaki chini, viganja vimekita kwenye mkeka na mabega yakitetemeka. Swala ilipomalizika ndipo wawili wetu tulipomshika kwapani na kumwegemeza ukutani. Hakuwa na homa, wala hakuteleza. Alitutazama kwa haya, akasema kwa sauti ya chini: "Wanangu, magoti yamegoma."

Kesho yake aliletewa kiti cha plastiki. Sheria imempa rukhsa asiyeweza kusimama aswali ameketi, na anayeitumia rukhsa ya Mola wake hana la kuonea aibu. Hata hivyo sisi tuliokuwa jirani naye tulimsikia akilia ndani ya witri, na tulijua kwamba hakuwa akililia maumivu.

Sisi ni wanawake saba wa mtaa mmoja hapa Geita mjini, tunaokutana kila Jumamosi kwa darsa katika ua wa nyumba ya mmoja wetu. Mayu, neno ambalo Wasukuma humwitia mama, ni mzazi wa mwenzetu huyo mwenye nyumba, na kwa malezi ni mama yetu sote. Ana umri wa miaka 61. Tunaandika haya kwa idhini yake, kwa sababu swali alilotuachia usiku ule limebadili namna tunavyoitazama miili yetu, nasi tunaamini kwamba nyumba nyingi za Shinyanga na Geita zina Mayu wao. Swali lenyewe ni hili: mwanamke aliyebeba mizigo maisha yake yote, amekosaje nguvu ya kuinua mwili wake mwenyewe?

Maana kama kuna mtu aliyestahili kuwa na miguu ya chuma, ni yeye. Alizaliwa kijijini upande wa Shinyanga, akakulia katika mashamba ya pamba na choroko, akichota maji kwa ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 kichwani, kabla jua halijachomoza. Alipoolewa alimfuata mumewe kwenye machimbo ya Nyarugusu, kisha Rwamgasa. Kwa desturi ya machimbo, wanawake wengi hawashuki shimoni; kazi yao iko juu, nayo si nyepesi. Kabla makarasha hayajaenea, Mayu alivunja mawe kwa nyundo, akayatwanga kwenye kinu cha chuma mpaka yakawa unga, akabeba viroba hadi kwenye mwalo, na hapo akainama kutwa nzima akiosha, mtoto yuko mgongoni. Jioni alirudi nyumbani kupika. Hivyo ndivyo alivyosomesha watoto watano.

Mama amechakaa, binti amelegea

Mwenzetu mmoja ni muuguzi, na ndiye aliyetufungua macho. Alitueleza kwamba mwili haujengeki wakati wa kubeba mzigo, hujengeka baadaye. Misuli ikipewa mzigo unaozidi kidogo ule iliouzoea, hupokea ishara ya kujiimarisha, lakini kazi ya kuimarika hufanyika mtu akiwa amepumzika, amelala, na amekula chakula kinachojenga mwili. Ukiondoa mapumziko na chakula, kinachobaki ni kuchakaa.

Tukayapima maisha ya Mayu kwa mizani hiyo. Mzigo wake haukupangwa kwa uwezo wake. Ulipangwa na njaa ya nyumba. Kiuno kiliinama namna ileile kila siku, miaka nenda miaka rudi. Mapumziko aliyapata siku za uzazi, nayo yalikuwa mafupi. Usiku alipopakua, samaki walikwenda kwa mume na watoto, naye akamalizia ugali kwa mchuzi uliobaki. Alichoka sana, lakini hakujengeka.

Kisha likaja kosa letu sisi watoto. Miaka kumi iliyopita, tulipoanza kujimudu, tulimwambia: "Mama, sasa pumzika." Tukamnyang'anya ndoo, tukamnyang'anya jembe, tukamkataza hata kufagia ua. Tuliona hiyo ndiyo heshima. Kumbe mwanadamu huanza kupoteza misuli tangu miaka ya thelathini, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Kwa mwanamke, hedhi inapokoma, mifupa nayo hupungua haraka. Katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Basi katika miaka ileile ambayo mwili wa mama yetu ulihitaji mzigo wa kadiri ili usiporomoke, sisi tulimkalisha kwenye mkeka na kumletea chai.

Na mabinti tuko wapi? Mawe leo yanasagwa na karasha. Maji yanaletwa na bodaboda, sokoni tunakwenda kwa bajaji. Mwenzetu mwenye duka la vitenge huketi tangu saa mbili asubuhi hadi magharibi, na mwaka jana aliambiwa kwamba sukari yake imeanza kupanda. Wengine tunahema tukipanda ngazi za ghorofa moja. Tulijidhania tumeokoka na maisha ya mama zetu, na katika mengi tumeokoka kweli, alhamdulillah. Lakini tunaelekea kwenye kiti kilekile cha plastiki, kwa njia nyingine.

Tulichojifunza

Mazoezi ya nguvu ni jambo la tatu, mbali na kazi ya sulubu na mbali na kukaa. Ni mzigo unaopimwa, unaoongezwa pole pole, na unaofuatwa na mapumziko. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na kutembea au shughuli nyingine za kuutoa mwili jasho. Faida zake kwa mwanamke ni za dhahiri. Mfupa unaovutwa na misuli hupata sababu ya kubaki mgumu. Misuli inayofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu, na kwa hiyo humsaidia mwenye kisukari na anayekikaribia. Miguu imara humzuia mzee kuanguka, na sote tumewaona akina bibi waliovunjika nyonga na wasitoke tena kitandani.

Wapo waliodhani kwamba Mayu amechelewa. Muuguzi wetu akatusimulia utafiti uliochapishwa mwaka 1990, uliofanyika Boston, Marekani, kwa wazee kumi dhaifu wa umri wa miaka tisini hivi, waliokuwa wakiishi katika makao ya kutunzia wazee. Walifundishwa kunyanyua uzito kwa miguu muda wa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Tukajiuliza: ikiwa wa miaka tisini anapokea, wa miaka 61 atakosaje?

Wengine waliogopa kuota misuli ya kiume. Hofu hiyo haina msingi. Homoni inayomjaza mwanamume misuli, testosteroni, kwa mwanamke ni kidogo mno. Anachopata mwanamke wa kawaida kwa mazoezi ya siku mbili au tatu kwa wiki ni mwili uliokaza na mgongo ulionyooka.

Dumu la lita tano

Tulianza baada ya Idi. Ukumbi wa mazoezi wa kulipia hatukuuhitaji, na uliopo karibu unachanganya wanaume na wanawake. Tulifunga geti la ua, tukatundika mabaibui kwenye kamba, tukabaki na suruali pana na magauni mepesi. Kila Jumanne, na kila Jumamosi kabla ya darsa, tunatumia nusu saa.

Vifaa vyetu ni kiti, ukuta na madumu. Tunaketi kitini na kuinuka bila kushika popote. Tunasimama mbele ya ukuta, tunaweka viganja, tunakunja viwiko na kujisukuma kurudi. Tunaegemea kiti kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili tunavuta dumu kutoka chini hadi ubavuni. Tunanyanyua dumu kutoka ardhini kwa kukunja nyonga na magoti, mgongo ukiwa umenyooka. Mwisho tunatembea uani tukiwa na dumu kila mkono. Kila zoezi ni mara nane hadi kumi na mbili, kwa mizunguko miwili au mitatu. Mara mbili za mwisho zinapaswa kuwa ngumu, lakini zisiharibu umbo la mwili. Mara kumi na mbili zikiwa nyepesi, tunaongeza. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5. Likijaa mchanga mkavu hukaribia kilo 8. Pumzi hutolewa wakati wa kunyanyua, wala haibanwi, hasa kwa mwenye shinikizo la damu.

Hatukusalimika na makosa. Wiki ya tatu mdogo wetu kwa umri aliona madumu ni mchezo, akanyanyua ndoo ya lita 20 kwa pupa, kiuno kikamkamata, akakaa nje wiki mbili. Tangu hapo hakuna anayeruka daraja. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, mwenye maradhi ya moyo, mwenye kizazi kinachoteremka au aliyewahi kuvunjika mfupa, huanzia kwa daktari. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au maumivu makali ya kiungo ni amri ya kuacha palepale.

Na sufuria zetu zimebadilika. Dagaa wa ziwa, maharage, choroko na dengu za Shinyanga, karanga, mayai na maziwa mgando havitoki mbali na vingi si ghali. Tuliwekeana sharti moja tu: mpishi naye apakuliwe kitoweo.

Maneno ya watu

Mitaa haikosi maneno. Tuliambiwa kwamba mazoezi ni ya wanaume, na kwamba mwanamke wa Kiislamu akijitunza nyumbani inatosha. Hatukubishana sana; tulirudi kwenye darsa letu. Tulisoma habari ya Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.), aliyebeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe, umbali wa theluthi mbili za farsakh, yapata maili mbili. Tukamwona Mayu ndani ya habari hiyo. Tukaona pia kwamba babaye alipompelekea mtumishi wa kumtunza farasi, Bibi Asmaa alihisi kama mtu aliyeachwa huru: kumpunguzia mwanamke sulubu ni rehema. Tulisoma vilevile kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), akashindwa naye, kisha miaka baadaye, Bibi Aisha aliponenepa, akamshinda, akacheka. Na ipo hadithi mashuhuri inayotufundisha kwamba muumini mwenye nguvu hupendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko aliye dhaifu, na wote wawili wana kheri. Hatukuona mahali ambapo mwanamke ametolewa humo.

Mume wa mmoja wetu alikuwa mkali kuliko wote. Siku moja alimkuta mkewe amempakata mama mkwe kutoka kitandani hadi bafuni peke yake, bila kuumia. Hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata alileta madumu mawili mapya mpaka getini, akageuka akaenda zake.

Mayu siku ya kwanza aliwekewa mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Aliinuka mara tatu, kwa kujisukuma kwa mikono, akaomba maji. Tuliandika mara tatu hizo kwenye daftari. Mwezi wa pili mto uliondolewa. Mwezi wa nne aliinuka mara nane, mikono imekunjwa kifuani. Hatudai kwamba amerudi ujana. Goti la kulia bado linalia, na siku za baridi huamka mzito. Ramadhani iliyopita aliswali Isha yote kwa kusimama, na rakaa nne za tarawehe, kisha akavuta kiti chake akaketi. Safari hii hatukumsikia akilia.

Kiti kile sasa hakikai msikitini kwa wiki nzima. Jumanne na Jumamosi hukibeba mwenyewe hadi uani, hukiweka kivulini, na anayechelewa hukemewa. "Mngenifundisha haya nikiwa na umri wenu," hutuambia, "ningewachosha."

Msomaji mwenzetu, wewe uliyekaa dukani Kahama na wewe unayeinama mwaloni Rwamgasa, hamhitaji kitu kimoja: mmoja anahitaji mzigo, mwingine anahitaji mapumziko na sahani iliyojaa. Lakini leo jioni nyote mnaweza kuvuta kiti, kuketi, na kuinuka bila kushika popote. Hesabu ni mara ngapi, uandike. Kisha mwite mama yako naye ajaribu.

Wabillahi taufiq.