Chema Chajiuza? Kutafuta Zawadi Kutoka Likoni Hadi Msambweni

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini anayevuka kivuko cha Likoni na kushika barabara ya Lungalunga kwa nia ya kutafuta zawadi atagundua upesi kwamba methali hiyo ina mushkili wake. Ufuoni Diani, vinavyojitembeza ni vingi: twiga wa mbao, vinyago, bangili za shanga, vikoi vinavyopeperushwa na upepo wa bahari. Wakati huo huo, mkeka mzuri wa miyaa umekunjwa katika nyumba fulani kijijini, mbali kidogo na ufuo, ukingoja mnunuzi ambaye hajui hata kama upo.

Kazi ya kuwakutanisha wawili hao, mkeka na mnunuzi, imepata sura mpya siku hizi. Kuna watu wanaoajiriwa na maduka ya zawadi ya mtandaoni kuwa wachaguzi wa bidhaa. Duka lenyewe halina mlango wala rafu. Mtu akiwa Nairobi, Nakuru au Muscat hufungua simu yake, akaona picha ya kikapu, akalipa, na kikapu kikamfikia mlangoni. Kabla ya picha hiyo kuonekana, lazima awepo mtu aliyesafiri hadi kilikosukwa, akakishika, akakinusa, akavuta mishono yake na kuuliza bei. Wanafunzi wengi wanaodhani kazi za mtandao ni za kuketi mbele ya kompyuta mchana kutwa wangeshangaa kumwona mchaguzi juu ya bodaboda, vumbi limemjaa, akiulizia njia ya kijijini. Hebu tumfuate.

Kilichotoka mbali

Kutoka Likoni gari hupita Ng'ombeni, Waa, Kombani na Tiwi kabla ya kufika Ukunda, ambako njia ya Diani hukata kushoto kuelekea baharini. Hapa ndipo mchaguzi anapofanyiwa mtihani wa kwanza: kujua kipi ni cha hapa na kipi kimeletwa.

Vile vinyago vya mawe laini vimetoka Tabaka, katika nchi ya Wakisii, upande wa pili kabisa wa Kenya. Twiga na vifaru wa mbao ni kazi ya Wakamba. Ufundi huo husimuliwa kuwa ulianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Bangili ni za Kimaasai, ingawa shanga zenyewe kwa miaka mingi zimeagizwa kutoka Ulaya, hasa Jamhuri ya Cheki. Leso nazo, pamoja na majina yake matamu ya Kiswahili, nyingi huchapishwa India. Duka mashuhuri la leso katika mtaa wa Biashara mjini Mombasa, lile la Kaderdina Hajee Essak ambaye leso zake hujulikana kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla", lilianzishwa mwaka 1887.

Si dhambi kuuza vitu hivyo Diani. Pwani imekuwa soko la vitu vya mbali tangu zama za majahazi. Dhambi ni kumwandikia mnunuzi kwamba kinyago cha Tabaka kimechongwa na mzee wa Kidigo chini ya mnazi. Mnunuzi wa ufuoni anaweza kuuliza maswali na kumtazama muuzaji machoni. Mnunuzi wa simu ana picha moja na maneno machache, na maneno hayo yameandikwa na mchaguzi. Akidanganya yeye, mnunuzi hana pa kukimbilia.

Jina la kitu lina thamani hata mahakamani. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" huko kwao liwe alama yake ya biashara. Laiti ombi hilo lingefaulu, Wakenya wauzao vikoi Uingereza wangehitaji ruhusa ya kutumia jina la vazi ambalo babu zao walijifunga viunoni. Pingamizi ilitolewa, na kufikia mwaka 2008 ombi likawa limeanguka.

Barazani

Basi mchaguzi mwenye busara huacha lami ya Diani akaingia vijijini, kusini kuelekea Gazi na Msambweni, yapata kilomita 50 kutoka Mombasa. Huku ndiko kwa Wadigo, nchi ya minazi, miembe na mikorosho. Huku pia hakuna kuanza na bei. Ni hodi kwanza, kisha shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za nyumbani, habari za mvua. Anayeruka hatua hizo ataonyeshwa mikeka ya kawaida, na ile mizuri itabaki ndani.

Kazi ya kusuka ni ndefu kuliko inavyoonekana. Makuti machanga ya mkindu au mkoma hukatwa, yakaanikwa juani na kuchanwa vipande vyembamba, yaani chane. Zinazotakiwa kuwa na rangi hutumbukizwa katika sufuria ya maji ya moto yenye rangi. Kisha husukwa ukili, utepe mrefu usio na mwisho, ambao msusi huushika mkononi hata anapozungumza na jirani. Ukili huo ndio unaozungushwa na kushonwa kwa sindano hadi ukawa mkeka au kikapu. Yote haya hufanywa kati ya shamba, jiko na watoto.

Nazi nayo ina ukoo wake wa vyombo: kifumbu cha kuchujia tui, upawa wa kifuu, mbuzi ya kukunia, kamba za makumbi. Wenyeji huviona vyombo vya jikoni tu. Mtoto wa Kidigo aliyezaliwa Toronto au London na hajawahi kuona nazi ikikunwa huenda akaiona mbuzi hiyo kuwa zawadi kuu kuliko twiga kumi wa mbao. Kuliona hilo ndio ujuzi wa mchaguzi.

Macho yake lazima yaone kasoro pia. Kikapu kilichofungwa katika plastiki kabla ya kukauka sawasawa huota ukungu njiani, kwa maana hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kinyago cha mbao mbichi hupendeza Ukunda na kupasuka kifikapo Nairobi au katika nyumba ya Ulaya yenye joto la mitambo. Kwa hiyo mchaguzi hukipima kwa mkono, akakiacha kitulie majuma kadhaa ndipo akiuze. Korosho za Msambweni ni tamu kweli, lakini chakula hakiwekwi dukani bila alama ya ubora ya KEBS na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vikundi vingi vya akina mama hukwama hapo.

Hesabu ya kikapu

Tufanye hesabu ya mfano, ili msomaji aone pesa zinakokwenda. Tuseme kikapu kinauzwa mtandaoni kwa shilingi 2,500. Katika hizo, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ni kama shilingi 345. Ada ya mtandao na malipo, tuseme asilimia 15, ni 375. Usafiri ni 150, sanduku na karatasi 150, picha na ofisi 300. Msusi akipewa 900, duka linabaki na 280, na katika hizo litafidia vikapu vilivyopotea au kurudishwa.

Sasa tugeukie upande wa pili. Iwapo kikapu hicho kilimchukua msusi siku tatu, amepata shilingi 300 kwa siku, kabla ya kutoa gharama ya miyaa na rangi. Mchaguzi akija na tabia ya ufuoni ya kukata bei hadi 600, amembakishia mama huyo shilingi 200 kwa siku. Shilingi 300 alizookoa hazitajulikana na mnunuzi, ila zitajulikana katika karo ya mtoto. Hapa ndipo penye uzito wa kazi hii. Anayepanga bei ya kikapu amepanga pia bei ya siku ya mtu.

Kuna hatari ya kinyume chake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Duka huona vikapu vimependwa, likaagiza 300 kwa ajili ya Krismasi kutoka kwa kikundi kinachoweza kusuka 30 kwa mwezi. Akina mama hawataki kusema hapana. Ukili hulegezwa, mishono huachana, wanunuzi hulalamika, na jina la kijiji kizima huharibika. Mchaguzi anayejua kazi yake huagiza mapema, akikumbuka kwamba wakati wa masika miyaa haikauki na watu wako shambani, na kwamba mwezi wa Ramadhani una ratiba yake. Hulipa sehemu ya pesa mbele, na huzituma moja kwa moja kwa simu. Jambo hilo limekuwa rahisi tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007.

Visivyouzwa

Pwani hii ina vitu vizuri ambavyo havifai kuwa zawadi. Makombe ya bahari ni mfano. Lile kombe kubwa lenye umbo la pembe, ambalo watalii hulipenda, ni nyumba ya konokono anayekula kiti cha pweza mwenye miiba, na kiti cha pweza huyo hula matumbawe. Ukimwondoa konokono umemfungulia adui mlango. Matumbawe, magamba ya kasa na makombe makubwa ya jamii ya Tridacna yamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, na mtalii anaweza kunyang'anywa akiwa uwanja wa ndege. Mpingo nao uliingizwa katika orodha hizo Januari 2017 pamoja na miti yote ya jamii ya Dalbergia. Muhugu umekatwa mno kwa ajili ya vinyago, ndiyo maana wachongaji wamehimizwa kutumia mwarobaini na mwembe, miti inayokua upesi.

Kusini kidogo ya Diani kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Ni miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, na haruhusiwi kuondoka hata na kijiti. Huko Gazi, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, huuza kitu kisichobebeka: hewa ya kaboni iliyohifadhiwa na mikoko yao ikiwa imesimama pale pale. Mapato yameleta maji na kusaidia shule. Kaya na mikoko humfundisha mchaguzi kwamba thamani nyingine hudumu kwa sababu hakuna aliyeing'oa.

Mgeni wa simu

Biashara ya ufuoni ina udhaifu mmoja mkubwa: hutegemea ndege kutua. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, watalii walikimbia na vibanda vikakosa wateja. Mwaka 2020, kwa sababu ya Korona, ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa Machi hadi mwanzoni mwa Agosti, na mchanga wa Diani ukawa mtupu. Msusi wa Msambweni mwenye mnunuzi Eldoret au Birmingham hangoji ndege ijae ndipo auze.

Hata hivyo, soko la mbali nalo lina milango inayofungwa. Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wa ushuru uliokuwa ukipewa vifurushi vya chini ya dola 800, na vikapu vya kwenda huko vikapanda gharama ghafla. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa Nairobi, ambaye hana forodha ya kuvuka, ni muhimu kuliko anavyojidhania.

Ndugu msomaji, Idi au Krismasi ijayo ukifungua simu kutafuta zawadi, tazama kama duka linasema kitu kimetengenezwa wapi, na nani, na kwa mti au jani gani. Duka lisiloweza kujibu halijamtuma mtu kijijini. Nawe kijana unayetafuta kazi, ukijua kusema shikamoo, kupiga picha safi, kupiga hesabu na kusema kweli, una mtaji wa kuanzia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu wa pwani. Mgeni wa siku hizi anaweza kuja bila kuvuka Likoni, na mwenyeji atapona iwapo aliyesimama kati yao amepima kwa haki.