Darasa la Subira Katika Mji wa Wakimbizi

Kama umewahi kupanda basi la usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa, msomaji, basi safari ya Delhi hadi Dharamsala, kaskazini mwa India, haitakutisha kwa umbali wake. Tofauti ni kwamba hapa huteremki pwani. Kunapokucha utajikuta ukipanda mlima, kona baada ya kona, na bonde lililo chini ya dirisha ni afadhali usilitazame. Ukifika McLeod Ganj, kitongoji cha juu cha mji huo, utaiona milima ya Dhauladhar ikiwa na theluji vileleni, na barabarani watawa wenye majoho ya rangi ya damu ya mzee wakinunua mboga kama watu wengine. Beba sweta nzito.

Ingawa hii ni India, wengi utakaokutana nao hapa ni Watibeti. Kiongozi wao wa dini, Dalai Lama wa 14, Tenzin Gyatso, alitoroka mji wa Lhasa mnamo Machi 1959 wakati wa maasi dhidi ya utawala wa China, akavuka milima ya Himalaya, na mwaka wa 1960 akapewa makao Dharamsala. Maelfu ya watu wake walimfuata. Wajukuu wao wamezaliwa ukimbizini na Tibet wanaijua kwa kusimuliwa tu.

Anapofundisha katika hekalu kuu la mji, mgeni yeyote anaweza kuhudhuria bila kulipa kiingilio, mradi ajiandikishe mapema kwa pasipoti yake. Alitimiza umri wa miaka 90 mnamo Julai 2025, kwa hivyo ulizia ratiba kabla hujakata tikiti. Simu na kamera huachwa nje. Chukua kikombe, mto wa kukalia, maana sakafu ni baridi, na redio ndogo ya FM yenye vidude vya kutia masikioni. Mwalimu hunena Kitibeti, na wakalimani hutafsiri papo hapo kwa lugha kadhaa.

Huenda unajiuliza: mimi ni Mkristo, au Mwislamu, nitaketije mbele ya sanamu ya Budha? Hakuna atakayekulazimisha kuisujudia. Vua viatu, na usielekeze nyayo zako kwa mwalimu. Dalai Lama mwenyewe amesema mara nyingi kwamba ni bora mtu kudumu katika dini aliyozaliwa nayo.

Miongoni mwa vitabu anavyopenda kuvifafanua ni kile cha Shantideva, mtawa wa India aliyeishi karne ya 8. Kuna sura nzima kuhusu subira. Ukipigwa fimbo, huikasirikii fimbo bali aliyeishika. Lakini huyo naye anasukumwa na hasira, kama fimbo inavyosukumwa na mkono. Basi kwa nini usiichukie hasira yenyewe? Aidha, ni nani atakayekufundisha subira kama si adui? Rafiki hawezi.

Maneno haya ni rahisi kuyakubali ukiwa umerukwa tu kwenye foleni ya matatu. Mimi nilikuwa na maswali yangu. Je, mwizi asamehewe na ng'ombe abaki kwake? Ndipo redio yangu ikaishiwa na betri, nikabaki kuwatazama wasikilizaji. Mbele yangu aliketi bibi wa makamo ya nyanya yangu, tasbihi mkononi, midomo ikitikisika. Nyuma yake kijana alikuwa anasinzia. Mwalimu alipotia mzaha, bibi yule alicheka hata mabega yakatetema. Watu wa rika lake walivuka theluji kwa miguu kuja huku.

Wala usidhani kwamba subira yao ni kunyamaza. Kila tarehe 10 Machi, Watibeti wa mji huu huandamana kukumbuka maasi ya 1959.

Watawa vijana walipita mbio na mabirika makubwa, wakagawa mikate ya duara na chai. Nakuonya, msomaji: ni chai ya siagi na chumvi. Ukiinywa kama supu itapita. Ukitafuta sukari, umeumia. (Jioni jiliwaze kwa momo, ambazo ni kama sambusa zilizopikwa kwa mvuke.)

Darasa lilipokwisha, wazee walianza kulizunguka hekalu kwa njia ya msituni, hekalu likiwa upande wa kulia, wakizungusha magurudumu ya sala yaliyopangwa kando ya njia. Bibi alikuwa mbele yangu. Penye mteremko aligeuka, akaniona ninavyoteleza na viatu vyangu vya mjini, akanishika kiwiko. Tulishuka hivyo hivyo, bila lugha ya pamoja, hadi njia iliponyooka. Hapo akaniachilia na kuendelea na mzunguko wake.