Mpala: njia ya kando ya ziwa ni ya wote

Kila asubuhi huko Mpala, kinga zinapita kando ya ziwa Tanganyika zikibeba muhogo na ndagala. Vijana wanakimbia mazoezi karibu na maji, kwani mchanga uliolowa ni mgumu, hauzamishi mguu wala gurudumu.

Ila ziwa lina mto mmoja tu wa kulitoa maji: Lukuga, pale Kalemie. Maji yakipanda sana, kama mwaka 2024, ufuo unamezwa na njia inakuwa nyembamba.

Kwa mama aliyekimbia vita, kumuona mtoto wake akikimbia kwa kucheza ni jambo kubwa: hakuna anayemfukuza.

Ndugu wakaaji, msifunge njia kwa uzio wala taka. Mwenye kinga apige kengele, mwenye miguu ampishe.