Divai Inayobebwa Begani

Ukitoka mji wa Vienne, Ufaransa, kuelekea kusini, barabara hufuata ukingo wa magharibi wa mto Rhône, na baada ya kilomita chache kilima kinasogea hadi kando ya lami. Hapo ndipo Ampuis, kijiji kilichobanwa kati ya mto, reli ya treni za mizigo na mizabibu. Ukisimama chini, mizabibu huitazami mbele yako. Unainua shingo kuitafuta. Hili ni eneo la Côte-Rôtie, nalo lina mahali ambapo mwinamo unafika asilimia 60.

Nilipanda na wavunaji asubuhi ya Septemba, umande haujakauka. Mwamba unameguka vipande vyembamba vinavyometameta, na kila hatua inasukuma vichache kwenda chini. Shamba limekatwa vipande vipande kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, baadhi yake zikishikilia ardhi ya safu mbili tatu tu za mizabibu. Mvua kubwa ikipita, udongo huteremka na ukuta mmoja au mwingine hubomoka. Zamani watu waliupandisha udongo huo kwa vikapu. Siku hizi winchi husaidia hapa na pale, lakini kuta bado zinajengwa upya jiwe kwa jiwe.

Kila mzabibu una mti wake wa kuegemea, na miti miwili miwili imeinamishwa hadi ikakutana vichwa na kufungwa. Nilidhani ni pambo mpaka upepo wa kaskazini ulipoanza kuvuma bondeni. Zabibu ya hapa ni Syrah, ambayo machipukizi yake ni marefu na hukatika upesi. Bila nguzo hizo, upepo ungeyavunja.

Wavunaji hufanya kazi mguu mmoja juu, mwingine chini. Kisu kidogo kinakata kikonyo, kichala kinaangukia kwenye kreti, kisha kijana mmoja anaitupia kreti begani na kushuka nayo kwa kukanyaga ubavuubavu, visigino vikitafuta jiwe lisilotikisika. Trekta haifiki hapa. Mama mwenye shamba, aliyerithi kazi hii kwa baba yake, alikuwa juu yetu akichambua vichala kwa macho na kutupa punje zilizooza.

“Kule tambarare ningekuwa nimeshamaliza,” alisema, akionyesha ng'ambo ya mto kwa kisu.

Tambarare ndiyo iliyokaribia kukiua kilima hiki. Mwishoni mwa karne ya 19 kidudu cha filoksera kilikausha mizabibu. Kisha vita vya 1914 vikachukua vijana. Eneo lilipata hadhi rasmi mwaka 1940, lakini hadhi haikujenga kuta. Viwanda vya bondeni vililipa mshahara kila mwezi, na miti ya matunda na mboga karibu na mto haikumvunja mtu mgongo. Kufikia miaka ya 1960 mashamba yaliyobaki hayakufika hekta 100. Bei ndiyo iliyowarudisha watu mlimani. Familia ya Guigal, iliyoanzisha nyumba yake ya divai hapa Ampuis mwaka 1946, ilianza kuuza divai za vipande mahususi vya kilima, na sifa zikavuka bahari. Leo mizabibu imepita hekta 300.

Jioni, kwenye ghala la mapipa ya mwaloni, nilionjeshwa. Anayetarajia utamu wa tunda hapati. Kwanza inakuja harufu ya moshi na nyama iliyobanikwa, halafu zeituni nyeusi, na nyuma yake ua la urujuani. Mwishoni kuna pilipili manga, nayo si mbwembwe za waonjaji: mwaka 2008 watafiti wa Australia walitambua ndani ya zabibu za Syrah kemikali iitwayo rotundoni, ileile inayoipa pilipili manga harufu yake. Wengine hapa huchachusha Syrah pamoja na zabibu nyeupe za Viognier, ambazo kanuni inaziruhusu hadi asilimia 20, ili harufu ilainike. Mama huyu huweka kidogo sana.

Rotundoni hukaa ndani ya ganda la zabibu, na huwa nyingi zaidi pale zabibu zinapoiva polepole penye ubaridi. Ndiyo maana ya kuhangaika na mteremko. Kaskazini hivi jua halitoshi, ila kilima kinachotazama kusini-mashariki hulipokea tangu asubuhi. Zabibu zinaiva, lakini kwa shida, na pilipili inabaki.

Hesabu hiyo sasa inayumba. Majira ya joto yamekuwa makali, mavuno yanatangulia, na zabibu zinazoiva kwa haraka hupoteza viungo na kuongeza sukari. Nilimuuliza mama atafanya nini. Alisema ana kipande kinachotazama upande usio na jua la mchana, ambacho baba yake alikiacha kikaota vichaka kwa sababu zabibu zake hazikuiva vizuri. Kuta zake zimelala. Ameshaajiri mafundi wa mawe, na kazi inaanza mavuno yakiisha.