Kutoka Kwa Sadala hadi chumba cha eksirei

Siku ya soko Kwa Sadala, wilayani Hai, kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha hujaa mikungu ya ndizi iliyoshushwa kutoka Masama. Bodaboda hupenya katikati, watoto huvuka mbio, na wapo wanaoishia hospitalini kupigwa eksirei ya mkono au mguu.

Tanzania haina mtambo wa umeme wa nyuklia. Mionzi ya mashine ambayo mzazi wa huku hukutana nayo iko nyuma ya mlango wenye alama ya njano na mapanga matatu meusi. Msimamizi wake ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC), kwa sheria ya mwaka 2003. Maabara zake ziko Njiro, Arusha, ukiifuata barabara hiyohiyo. Hutoa leseni, hukagua mashine, na hupima kifaa kidogo anachovaa mtaalamu kifuani. Kikomo cha mtaalamu ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka.

Mgonjwa hana kikomo kama hicho, kwa sababu picha inayohitajika haizuiwi na hesabu. Kinachomlinda mwanao ni uamuzi wa daktari, kwa hiyo uliza: "Hii picha ni ya lazima?" Daktari mzuri hachukii. Eksirei ya kifua ina mionzi kidogo sana. Sitiskani ya tumbo yaweza kuizidi zaidi ya mara mia.

Ukiombwa umshike mtoto, dai aproni ya risasi. Mama mjamzito aseme mapema, ashike baba au shangazi.